RAW au JPEG? Tazama mwanga kwanza

Unayeanza kupiga picha, usichague RAW (faili ghafi, kama kamera ilivyolinasa) badala ya JPEG (picha ambayo kamera imeshaitengeneza na kuibana) kwa sababu umeambiwa ndiyo ya mafundi. Chagua kwa kutazama mwanga ulionao na muda ambao mteja amekupa.

Chukua saa saba mchana pale Coco Beach: bibi harusi ana shela jeupe, bwana harusi suti nyeusi. Ukipima mwanga usoni kwa JPEG, shela linaungua. Nakshi zote zinafutika, linabaki kama karatasi. JPEG huhifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi, na kamera imeshatupa mengine. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, hivyo shela lililozidi kidogo mara nyingi hurudi ukishusha sehemu angavu kwenye kompyuta. Likizidi sana halirudi, hata kwa RAW. Na angalia: kioo cha kamera hukuonyesha JPEG ndogo iliyomo ndani ya faili, kwa hiyo alama za kuungua huanza kumeta mapema kuliko hali halisi. Zikimeta vijisehemu tu, endelea. Likimeta shela zima, punguza mwanga.

Usiku ukumbini, RAW hukuruhusu kupanga upya rangi ya mwanga nyuso zikitoka za njano. Ila taa za zambarau za DJ zikimfunika mtu mzima, ngozi yake hairudi, washa flashi. Picha iliyotikisika au iliyokosa fokasi nayo RAW haiiokoi.

Pasipoti saizi? JPEG, basi. Mpira vilevile: ukiachia picha mfululizo kwa RAW, kumbukumbu ya muda ya kamera hujaa, inagoma wakati mpira unaingia wavuni.

Kamera ya megapikseli 24 hula takriban MB 25 hadi 30 kwa RAW moja, na kama 10 kwa JPEG ya ubora wa juu. Kadi ya GB 64 basi hubeba RAW 2,000 na ushee. Kwenye harusi washa zote mbili, ubebe kadi ya akiba: JPEG za kutuma usiku uleule, RAW za albamu. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo zitume kama dokumenti.

JPEG usiihariri na kuisevu juu ya ileile. Kila kusevu hupunguza ubora. Fanyia kazi nakala. Na programu ya zamani ikikataa kufungua RAW za kamera mpya, faili si bovu: sasisha programu, au zigeuze kwanza kuwa DNG, aina ya RAW inayofunguliwa na programu nyingi.