Wastajieri wa kinesiterapi, pimeni vizuri kabla ya kutembeza mtu

Wadogo zetu mnaoanza staji ya kinesiterapi (tiba ya mazoezi) hapa Bukavu na kutembeza wagonjwa wa mapafu, kila kundi linarudia kosa la kundi lililotangulia. Shikeni haya mapema.

1. Jaribio la dakika 6: mgonjwa anatembea umbali anaoweza kwa dakika hizo, nawe unapima mita. Koridoo iwe tambarare, mita 30. Ukiifupisha hadi 10 kwa sababu mabenchi yamejaa, mgonjwa anageuka mara tatu zaidi, kila kona inamla mwendo, namba inashuka na mapafu hayana hatia. Usitembee ubavuni mwake, atafuata hatua zako. Kaa nyuma kidogo. Maneno ya kumtia moyo ni yaleyale kila dakika, hapa si uwanja wa mpira. Kisha apumzike dakika 30, arudie, uandike umbali mkubwa. Hapo ndipo mnapotoroka! Mara ya pili wengi huongeza kama mita 25 kwa kuzoea tu. Ukipima mara moja leo na mara moja baada ya wiki 8, utashangilia mita 25 ambazo huenda ni mazoea matupu. Nafuu ya kweli huanzia karibu mita 30.

2. Dozi, yaani kiasi cha mazoezi. "Tembea polepole, mama" si dozi. Aliyefika mita 300 alikwenda mita 50 kwa dakika. Mazoezini atembee kwa asilimia 80 yake, yaani 40. Kwa dakika 20 ni mita 800: kwenda na kurudi koridoo mara 13 na ushee. Akishindwa kufululiza, dakika moja atembee, moja apumzike: miguu inapata kazi yake, pumzi haikabi. Borg, namba ya 0 hadi 10 anayoitaja mwenyewe kwa jinsi pumzi inavyombana, iwe 4 hadi 6. Anayekusimulia bei za soko la Kadutu huku anatembea, mwongezee.

3. Oksimetri, kile kifaa cha kidoleni cha kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu, isomwe mtu akiwa anatembea. Akikaa inapanda upesi, nawe unaandika 94 ya kitini. Kidole baridi na rangi ya kucha huidanganya, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuonyesha zaidi ya kilichomo kwenye damu. Tena mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, msitafute 99.

4. Salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, kwa aliyeandikiwa, dakika 15 kabla ya mazoezi. Zoezi la nguvu za miguu: kusimama kutoka kitini mara 8 hadi 12, seti 3.

5. Nyumbani. Muulize anakaa wapi kabla ya kumwambia atembee. Wa kilimani atashuka akicheka, kurudi ndiyo kesi. Atafute kipande tambarare. Kwenye mpando avute pumzi kwa pua hatua mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa hatua nne, na asimame kabla haijamkwama.