Kabla ya Kusema Mkono Umekufa Ganzi, Hesabu Vidole

Mwaka juzi mkono wangu wa kushoto ulianza kufa ganzi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu, na ulikuwa msimu wa sare za shule, kwa hiyo nikaupuuza. Kisha pini zikaanza kuniponyoka. Nashika pindo la sketi, nageuza macho kidogo tu, kumbe nimeshaliachia na wala sina habari.

Kila niliyemwambia alikuwa na jibu lile lile: damu haitembei. Duka moja la dawa likaniuzia mafuta ya kuchua. Nikachua kiganja mwezi mzima, nikawa nalala nanuka kafuri. Kiganja kikalainika, ganzi ikabaki palepale.

Aliyenifumbua ni kijana mmoja wa fiziotherapia.

"Mama, ni vidole vipi hasa?"

"Mkono wote, daktari."

Hakulikubali jibu hilo. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananipitishia pamba taratibu, nami namjibu "naisikia" au "siisikii," huku akichora kwa kalamu juu ya ngozi. Nilipofumbua macho, mstari ulikuwa umepita katikati ya kidole cha pete. Upande unaoelekea kidole cha kati ulikuwa mzima. Upande wa kidole cha mwisho, ganzi tupu. Mimi hukata vitambaa kila siku, lakini mpaka ulionyooka vile sikuwa nimewahi kuuona.

"Damu haigawi kidole namna hii," akasema. "Hapa neva mbili zimepakana."

Wengi wetu tunaita kila kitu "mshipa," ndiyo maana tunapotea. Neva si mshipa wa damu; ni uzi unaopeleka hisia na amri mwilini. Makao makuu yake ni ubongo pamoja na ugwe mgongo, ule ugwe wa karibu sentimita 45 unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo. Ubongo una jozi 12 za neva, nyingi zikiwa za kichwa na uso. Ugwe una jozi 31, nazo hugawana mwili uliobaki. Za mkono huanzia shingoni na mwanzo wa kifua, husukwa pamoja karibu na kwapa kama nywele, halafu huachana tena. Moja hupita katikati ya kifundo cha mkono na kuhudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nyingine hupita nyuma ya kiwiko kwa ndani, pale unapojigonga ukaruka kama umepigwa na stima. Hiyo ndiyo ya kidole cha mwisho na ile nusu nyingine, na ndiyo inayoamrisha misuli mingi midogo ya kiganja. Pini zangu zilikuwa zinaangukia hapo. (Zipo pia zinazoendesha moyo na tumbo bila kukuuliza. Hizo sina ugomvi nazo.)

"Ukishona, kiwiko unakiweka wapi?"

Nikanyamaza. Kwenye ukingo wa meza ya cherehani, kutwa nzima, miaka 14.

Kwa hiyo kabla hujatumia hata shilingi kununua dawa ya kuchua, keti penye mwanga na pamba yako. Andika ni vidole vipi, upande upi, saa ngapi, na ukikunja nini ndipo ganzi inazidi. Nenda na karatasi hiyo kliniki. Gumba na majirani zake wakikuamsha usiku, mara nyingi tatizo liko kwenye kifundo cha mkono. Nyayo zote mbili zikifa ganzi kama umevaa soksi, kapimwe sukari. Shemeji yangu, dereva wa lori kule Nakuru, alichua muundi wa mguu karibu mwaka mzima, kumbe neva ilikuwa imebanwa kiunoni. Ile ya mguu ndiyo nene kuliko zote mwilini, na huanzia huko.

Lakini mdomo ukipinda, mkono wa upande mmoja ukalegea, au sehemu unayokalia ikafa ganzi na mkojo ukawa shida, usishike pamba wala kalamu. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mimi sikupasuliwa. Nililala na taulo limefungwa kiwikoni nisiukunje mkono, na simu za wateja nikawa naziweka kwenye spika. Ilichukua karibu miezi mitano, na kwa miwili ya kwanza sikuona tofauti yoyote, nikataka hata kurudia kafuri. Kwenye ukingo wa meza nimeshonea mto mdogo wa mabaki ya kitenge, nikaujaza sponji. Wiki iliyopita mteja aliyeleta suruali ipunguzwe aliuulizia bei.