Kichanganya masafa: diodi nne za kufunga mwenyewe au chipu?

Anayejijengea redio ya masafa mafupi hana budi kuamua kama kichanganya masafa chake (saketi inayochanganya mawimbi ya antena na ya osileta, yaani saketi inayozalisha mawimbi ndani ya redio, ili kupata masafa mapya) kitakuwa pete ya diodi nne aliyoifunga mwenyewe au chipu kama NE602, yenye saketi ya transista ya aina aliyoieleza Barrie Gilbert mwaka 1968. Nimezitumia zote mbili kwenye bendi ya mita 40 (karibu na 7 MHz), na ushauri wangu ni kwamba usichague kwa kutazama usikivu peke yake.

Kwenye karatasi chipu inashinda bila ubishi: hukuza mawimbi kwa desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) 17 hivi, hula miliampia 2 na ushee, na osileta yake imo humohumo ndani. Pete hupoteza takriban desibeli 6, tena hudai osileta ya nje yenye nguvu ya miliwati 5. Lakini huku kwetu Afrika Mashariki vituo vya utangazaji huanzia 7.2 MHz, pale pale bendi ya redio ya ridhaa inapokoma, na usiku huingia kwa kishindo. Pete huvumilia mawimbi makubwa kuliko chipu kwa zaidi ya desibeli 20, na hapo ndipo ilipo tofauti yenyewe.

Ukisikia vituo vya mzimu, yaani visivyokuwepo kweli kwenye masafa hayo, weka kipunguza mawimbi cha desibeli 10 mbele ya kichanganya: kituo halisi kitashuka kwa desibeli 10, ilhali mzimu unaotokana na mseto wa daraja la tatu (mawimbi makubwa yanapochanganyikana yenyewe kwa yenyewe ndani ya kichanganya) utashuka kwa 30.

Je, pete ya nyumbani inaifikia ya kiwandani kama SBL-1? Chini ya 30 MHz, kwa sikio langu, naam, mradi diodi za 1N4148 zichaguliwe kwa mita ya umeme hadi volteji zake zinapopitisha umeme zikaribiane kwa milivolti chache. Usizishike kwa vidole unapozipima, maana kila nyuzi moja ya joto hushusha volteji kwa takriban milivolti 2. Muhimu zaidi, mlango wa kutolea ukutane na ukinzani wa omu 50 kwa masafa yote, si yale unayoyataka tu; wengi hulaumu diodi ilhali kasoro iko hapo. Kwenye mamia ya megahezi, hata hivyo, nyaya zisizolingana urefu huvuruga mizani na osileta huvuja, kwa hiyo huko nunua ya kiwandani.

Kwa redio ya betri yenye antena fupi, chipu inatosha, ila usiipe zaidi ya volti 8, na antena uipitishe kwenye potenshiomita (kinzani kinachorekebishika) ili upunguze mawimbi makubwa. Kwa antena ndefu ya waya, funga pete.