Mwambieni dokta ukweli, leo hii

Pole sana dada kwa ajali ya kaka yako. Umeuliza kama mumwambie dokta kwamba alikua amekunywa na kuvuta bangi kabla ya kuanguka na pikipiki, mama anasema mnyamaze msije mkamuaibisha. Mi nasema semeni, tena kabla hajaingia thieta. Yule wa nusu kaputi anapanga dozi kulingana na kilichomo mwilini, na dawa kali za maumivu kama mofini zikikutana na pombe pumzi inaweza kushuka vibaya.

Afu kingine, na hiki ndo kinaniuma zaidi, msikubali mtu awaambie "kalewa tu huyo, pombe zikimtoka ataamka". Mlevi na mtu anayevuja damu ndani ya fuvu wanafanana sana, wote wanaongea hovyo, wanatapika, wanasinzia, kwa hiyo mkiona anazidi kuwa mgumu kuamka au mboni moja imekua kubwa kuliko nyingine mwiteni nesi hapohapo.

Na kama ni mtu wa kunywa kila siku semeni pia jamani, maana pombe ikikatika ghafla akiwa wodini, ndani ya siku 2 au 3 anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege, na watu wakadhani ni jeraha la kichwa. Dawa za kuzuia hilo zipo zikianzishwa mapema. Ila msimpelekee kachupa kwa siri eti kumtuliza.