Usitume mchoro China kabla hujawasilisha ombi

Ndugu yangu wa Kibaigwa, umeuliza kama utume michoro ya mashine yako ya kupura alizeti kiwandani Guangzhou wakupe bei kwanza, usajili ufuate. Nakuomba usitume.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hutolewa kwa kitu kipya. Ukikionyesha hadharani kabla ya kuomba, hata Nanenane pale Nzuguni, unajihatarishia haki hiyo. Anza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ukishawasilisha ombi, una miezi 12 ya kuomba China, na ombi la kule likahesabiwa kwa tarehe ile ile ya hapa. Alama ya biashara ni miezi 6 tu. Cheti cha BRELA chenyewe hakivuki mpaka, hata Zanzibar wana usajili wao.

Jina la mashine, yaani hiyo alama ya biashara, ndilo linalonitia hofu zaidi. China, kwa kawaida, anayewahi kusajili ndiye mwenye alama. Dalali akikuwahi, anaweza kuomba forodha ya kule izuie mzigo wako mwenyewe bandarini.

Mkataba uwe wa Kichina, mahakama iwe ya kule, na uwakataze kutumia ubunifu wako, kuutoa kwa wengine, na kuwauzia wateja wako kwa mlango wa nyuma. Mimi nilisaini kurasa mbili za Kiingereza kwa ajili ya pampu. Kalibu, yaani maumbo ya chuma ya kutengenezea vipande vyake, nilizilipia mwenyewe, lakini karatasi haikutaja ni za nani, basi zikabaki kwao. Bado inaniuma. Zako ziandikwe ni zako, na zigongwe jina lako kwenye chuma.

Kisha ule ungo wa mashine wenye siri yako uchongewe hapa hapa Dodoma. Wao wape fremu tu.