Maswali yenu kuhusu makazi ya mpito

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, zote za watu wasio na pa kulala au wanaotaka kuwasaidia.

Kikundi chetu cha dini hapa Chuno kimepewa nyumba ya vyumba vinne. Tunataka iwe ya vijana wanaolala stendi. Tumeshauriwa tufungue makazi ya mpito. Ndiyo nini?

Hongereni sana. Hifadhi ya dharura humpa mtu pa kulala usiku wa leo tu. Makazi ya mpito humpa chumba kwa muda unaojulikana, pamoja na mtu wa kumshika mkono hadi ajitegemee. Kule Marekani, mipango ya aina hii inayopata fedha za serikali kuu ina kikomo cha miezi 24.

Kikomo ndicho kinachonipa hofu. Muda ukiisha kijana akawa hana pa kwenda, atarudi stendi, tena akiwa amekata tamaa kuliko mwanzo. Kwa hiyo kabla hamjanunua hata godoro, jiulizeni: akitoka kwetu anakwenda wapi? Mnawajua wenye nyumba wetu: kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kitambulisho, na mtu wa kumdhamini. Kijana aliyefuata vibarua vya korosho, msimu ukamwishia hapa mjini na begi moja, hana hata kimoja.

Hayo yaanze wiki ile ile anayoingia. Mpelekeni ofisi ya serikali ya mtaa atambulike, mfuatilieni NIDA yake. Kila mmoja apewe kasha lenye kufuli, na kasha hilo msilidharau: anayelala nje huibiwa simu na karatasi zake, na bila namba ya NIDA hata laini ya simu hasajiliwi.

Finland tangu mwaka 2008 wameshika njia nyingine. Mtu anapewa kwanza nyumba yenye mkataba wa kupanga, msaada unamfuata humo humo, na hosteli kadhaa za zamani zimegeuzwa nyumba za kupanga. Ningekuwa mwenzenu, vyumba viwili kati ya hivyo vinne ningevipangisha kwa bei nafuu bila kikomo, kwa wale watakaokuwa tayari kutoka vile viwili vingine vya mpito.

Wakae bure au wachangie? Wenzangu wanasema bure inalemaza. *(Chuno, msomaji yuleyule)*

Asiye na kipato akae bure, wala asisimangwe. Akianza kupata kibarua, achangie kidogo, na fedha hiyo msiile. Iandikeni kwenye daftari, yeye na mhasibu wenu watie sahihi, siku ya kuondoka akabidhiwe yote iwe kodi yake ya kwanza.

Mtoto wa miaka kama 13 analala barazani kwangu, Mikindani. Nimpeleke kwenye nyumba kama hizo?

Hapana, mama. Huyo ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hapaswi kulazwa na watu wazima, na nyumba ya kulelea watoto lazima iwe na leseni. Mpe chakula leo, kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Unaweza pia kupiga 116, namba ya simu ya huduma kwa watoto, ni bure. Kazi yao ya kwanza ni kutafuta ndugu zake.

Mume wangu ana mke mwingine na anataka kuuza nyumba tunayoishi, Nachingwea. Nitafute hifadhi mapema?

Usitoke kwanza, dada. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wahi kumwona msaidizi wa kisheria akusaidie kuweka zuio, na mweleze mwenyekiti wa mtaa kabla mnunuzi hajatokea. Ila kama anakupiga au anakutishia, usingoje karatasi. Ondoka na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nyumba utaidai ukiwa mahali salama.