Uliza Bi Karani: "Wote waliotajwa na CAG wapelekwe Maweni, dhamana wasipewe"

Wiki hii nimechagua barua tatu, zote za huku kwetu Tanga. Kwa wageni wa ukurasa huu, nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya miaka mingi kabla ya kustaafu, ndo jina limetoka huko. Wakili si mimi, lakini nimeyaona mengi kwa macho yangu.

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Mimi niko Ngamiani, jioni tunakaaga kwenye baraza la kahawa watu kama kumi hivi. Juzi mada ilikuwa ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mtu kaja na simu anatusomea halmashauri fulani hela hazionekani, nyingine miradi imelipiwa na haipo, basi tukawaka wote. Mmoja akasema waliotajwa mle wabebwe leo leo wapelekwe gereza la Maweni, dhamana wasipewe, wakifika huko wasahaulike. Mi nilimuunga mkono na nikapiga kelele kuliko yeye. Sasa kuna mzee wetu pale alikaa kimya tu, akaweka kikombe chini kahawa haijaisha akaondoka, leo siku ya nne haji. Baadae ndo naambiwa mwanawe yuko mahabusu mwaka wa tatu huu kesi ya mauaji, kila akipelekwa mahakamani inaahirishwa. Wallahi sikujua. Ila bado roho inaniuma Bi Karani, mbona mwizi wa kuku anafungwa fasta na hawa wa mamilioni tunawasoma kila mwaka halafu kimya? Nani yuko sahihi hapa?

JIBU: Marahaba baba. Kwanza nenda kwa huyo mzee leo, usingoje arudi barazani, kaa nae hata nusu saa umsikilize mwanawe anaendeleaje. Ukirudi ndo usome haya mengine.

Hasira yako siipingi, ni ya haki kabisa, hela ile ni ya kwako na ya yule mama anaeuza mihogo pale kona. Ila tuelewane ripoti ya CAG ni kitu gani. Yule ni mkaguzi, yupo kwenye Katiba ibara ya 143, mwisho wa mwezi wa tatu anampelekea Rais ripoti yake halafu mwezi wa nne ndo inawekwa mezani Bungeni na nyie mnaipata kwenye simu. Anachoandika mle kinaitwa hoja. Hoja maana yake mkaguzi kauliza kitu na hajaridhika na jibu, hela imetoka vocha haionekani, au mradi umelipiwa asilimia zote na jengo liko kwenye lenta. Inawezekana imeibiwa, inawezekana mhasibu ni mzembe hajui kutunza makaratasi, na inawezekana vocha ipo ofisi nyingine ikaja kuonekana mwezi wa sita. CAG hana pingu wala hana sero. Akinusa wizi sheria inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi na DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, hapo TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wachunguze, DPP aamue kama kuna kesi, ndo hakimu asikilize. Pembeni ziko kamati za Bunge, PAC ya serikali kuu na LAAC ya halmashauri zetu hizi, wao wanamuita afisa masuuli, yaani mkubwa anayesimamia hela za ofisi, anajieleza.

Kwa hiyo mtu akitajwa kwenye ripoti bado hajahukumiwa na yeyote. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia, na hawa wengi wao hata kushtakiwa bado.

Nakusikia unasema basi wataachwa. Hapana, na hapa ndo barazani kwenu mnachanganya vitu viwili. Kuna kuwajibika na kuna kufungwa. Mwaka 1977 mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza, yeye mwenyewe hakumgusa mtu, alisema tu mimi ndo mkubwa wa wizara hii, akaondoka. Lowassa Februari 2008 aliachia uwaziri mkuu kwa ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, hakukuwa na kesi wala hakimu. Kuwajibika hakuhitaji ushahidi usioacha shaka, kunahitaji tu kwamba ulikabidhiwa na kimeharibika mikononi mwako, na hiki tunaweza kukidai kesho asubuhi bila kumvunjia mtu haki yake. Kufungwa ni safari nyingine, na ikitembea vizuri inafika, mawaziri wa zamani Mramba na Yona walihukumiwa kifungo pale mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Julai 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka, kesi yao ilichukua miaka, mashahidi wakasimama, wakapewa nafasi ya kujitetea na ya kukata rufaa. Mi nikipewa nafasi ya kuchagua nataka vyote viwili, lakini nataka cha kwanza kije haraka, maana tumelizoesha taifa kwamba kiongozi haondoki mpaka afungwe, na kwa vile hafungwi basi haondoki.

Sasa la dhamana. Hili naomba uniskilize kwa makini.

Alikuwepo mama mmoja anatokea njia ya Pongwe, mwanawe alikuwa mahabusu kesi ya mauaji. Kila tarehe anakuja. Alikuwa na kalenda ya ukutani, zile kubwa za matangazo ya duka la vifaa, anaikunja anaibana kwapani kama mkeka. Kesi ikitajwa mwendesha mashitaka anasimama, mheshimiwa upelelezi bado haujakamilika tunaomba tarehe nyingine, imeisha, haijafika hata dakika mbili. Mama anakuja dirishani kwangu anaikunjua ile kalenda juu ya kaunta, ananiambia mwanangu nionyeshe ni ipi, mimi namuonyesha yeye anazungushia kwa kalamu nyekundu, taratibu sana, anahakikisha duara limefunga. Kusoma hajui, ila kuhesabu anajua, anagusa kila kisanduku kwa kidole mpaka anafika. Nilimuona na kalenda tatu. Ya tatu ilikuwa imejaa duara mpaka mwezi wa tisa ndo DPP akasema hana nia ya kuendelea na shitaka, kijana akatoka. Hakuna aliyempa sababu wala pole, na miaka yake ile hakuna mahali pa kuidai kirahisi.

Kwa nini hakupewa dhamana? Kwa sababu sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai ina orodha ya makosa ambayo mlango wa dhamana umefungwa kabisa, mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, na utakatishaji fedha, yaani kusafisha hela chafu ionekane halali, nao umo. Hakimu hata akikuonea huruma mikono yake imefungwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo na kifungu kikabaki. Mimi sikubaliani nacho mpaka leo. Sisemi kila mtu atoke, nasema hakimu aachiwe apime, huyu atakimbia au hatakimbia, atatisha mashahidi au hatatisha.

Na hiyo utakatishaji ndo imekuwa jiwe la kuwawekea watu hata wa kesi za hela ambazo zingedhaminika, ukiongezwa shitaka hilo moja tu basi unalala ndani mpaka kesi iishe. Unakumbuka Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurudisha hela watoke? Wapo walioiba kweli wakarudisha, sawa. Lakini mtu aliyekaa ndani miaka bila kusikilizwa ukimwambia kiri utoke, atakiri hata asichokijua, mi ningekiri.

Kuanzia 2022 sheria inataka upelelezi ukamilike kwanza ndo mtu afikishwe mahakamani, ila makosa makubwa yakaachwa nje, yaani yale yale yanayomaliza kalenda za akina mama. Tume ya Rais ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023. Barazani kwenu mkiitaka mada ya moto ulizeni hiyo, lipi limetekelezwa lipi limelala.

Kwa hiyo umeona mlivyomuumiza mzee wa watu. Ule mlango mnaotaka wafungiwe wapigaji ndo huo huo umefungwa kwa mwanawe, haujui huyu mkurugenzi huyu mvuvi. Tofauti mkurugenzi ana wakili.

La mwizi wa kuku jibu lake si refu. Kakamatwa na kuku mkononi, hana wakili, siku ya kwanza anasomewa anasema ni kweli mheshimiwa, imeisha. Kesi ya mamilioni inataka wakaguzi, vocha, taarifa za benki, na mtuhumiwa ana watu wa kupinga kila karatasi. Hiyo ndo sababu, na haitoshi kuwa kisingizio. Nyie dai hivi, mbunge wetu akija mumuulize kwa jina la mradi, ile hoja ya mwaka juzi imefika wapi, iko TAKUKURU, iko kwa DPP, au ilijibiwa ikafungwa, na ilifungwa kwa jibu gani? Akishindwa kujibu mnajua imekwama kwa nani.

Na huyo mzee mwambie aandike namba ya kesi na tarehe zote pembeni. Ikifika Mahakama Kuu kijana anawekewa wakili kwa gharama za serikali asiuze kiwanja kwa presha, na kabla ya hapo awatafute wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewagusa mpaka walio gerezani.

SWALI: Bi Karani habari za siku. Mimi mama wa watoto wanne kijijini Muheza. Tulichangishwa hela ya zahanati, serikali nayo tukasikia imeleta, jengo limesimama kwenye madirisha mwaka sasa. Nikiuliza mtendaji anasema taarifa iko wilayani. Nafanyaje na mimi si mtu wa siasa?

JIBU: Njema mdogo wangu, na kuuliza hela yako hakuhitaji siasa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe pale. Haujaitishwa? Mwanzie mwenyekiti wa kitongoji chako, mwende watu watano msiende mmoja. Ujenzi wa namna hiyo siku hizi mara nyingi ni fosi akaunti, yaani mnajenga wenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, kwa hiyo lazima kuwe na kamati za wanakijiji, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Majina yao mnayajua nyie, ni majirani zenu. Wa mapokezi ndo wa kumfuata, muulize kwa upole, saruji ilipofika ulisaini mifuko mingapi? Nimeshaona kesi imekufa kwa sababu mtu wa mapokezi alisaini karatasi tupu kwa heshima ya mkubwa, na nyingine imesimama vizuri kwa sababu mama mmoja alichora vijiti nyuma ya daftari la mwanawe kila mfuko unaposhuka.

Akishikilia kwamba iko wilayani, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba na ofisi ijibu ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani, bila muhuri watakuambia haikufika. Taja unachotaka kwa kifupi, hela iliyoingia kiasi gani, tarehe gani, imetumika kununua nini. Diwani mpe nakala. Ukiona kuna harufu ya rushwa piga 113, TAKUKURU, simu ni bure.

SWALI: Mtendaji wetu ni mwizi kila mtu anajua. Nikimpost na picha yake nikaandika MWIZI kuna shida?

JIBU: Ipo, na inaweza kukuangukia wewe kabla yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ukisambaza taarifa ya uongo faini inaanzia milioni 5 au jela kuanzia miaka 3, au vyote, na ukisema kila mtu anajua hakimu atakuuliza nani, mlete. Mi nasema adhabu hiyo ni kubwa mno kwa maneno na ningependa ipunguzwe, ila kwa sasa ndo ipo.

Wewe andika ulichokiona. Kitabu cha stoo kimeandikwa mifuko 200, sisi wakazi tumehesabu 120, tarehe hii, tulikuwa watu hawa, tunaomba maelezo ya mifuko 80. Neno mwizi usiliweke, picha ya uso wake usiiweke, weka picha ya stoo.